Tano kwa Sita, Inchi Kumi

Wodini natandika vitanda ishirini kabla ya saa mbili,
pembe nazikunja kama bahasha,
na mama mwenye uchungu agaegae atakavyo,
shuka halitoki.
Msimamizi akipita hutupa jicho tu, hana neno.

Nyumbani Kariobangi Kusini, ghorofa ya nne,
mikono ni ile ile,
na shuka linanishinda.

Godoro tulilichukua kwa mkopo: tano kwa sita, inchi kumi,
gumu kama mwenye nyumba tarehe tano.
Mashuka ni ya arusi, ya zama za inchi nne,
maua yake ya zambarau yamefifia yakawa kama madoa ya chai.
Ukiivalisha pembe hii, ile inafyatuka.
Ukivuta kichwani, miguuni panabaki wazi,
nembo ya kiwanda inachungulia
kama goti la mtoto kwenye sare ya mwaka jana.

Tuliambiwa tunyooshe miguu kadiri ya shuka.
Waliosema walilala mkekani.
Habari ya godoro nani alitupa?

Mukhwana ni mlinzi wa usiku, huko Upper Hill.
Anatoka saa kumi na moja jioni, mimi narudi saa moja.
Kitanda kimoja, watu wawili, kwa zamu.
Nasoma usingizi wake kwenye shuka:
likijikunja katikati, alilala vizuri;
likisukumwa hadi ukutani, mgongo umemrudia;
likikutwa sakafuni, jirani alikuwa anatoboa ukuta.
Sijui yeye husoma nini kwangu.
Sijawahi kumuuliza.

Jumapili ndiyo siku tunayokutana, sisi na shuka.
Yeye kule, mimi huku.
"Vuta." "Nimevuta." "Basi legeza kidogo." "Wewe ndiwe umevuta."
Nusu saa inakwisha hivyo,
na katika nusu saa hiyo ananiambia ya wiki nzima:
gari lililoacha taa zikiwaka,
paka wa jengo aliyezaa ndani ya kibanda chake, watoto watatu, mmoja hana mkia.

Juzi nikachoka.
Alfajiri nikawa Gikomba, robota likikatwa kamba,
Syombua amepanda juu ya meza, ananirushia.
"Hilo tano kwa sita, mama, linaingia!"
"Na unene?"
"Unene hauandikwi popote."
Nikatoa tepu yangu ya wodini, tunayopimia vichwa vya vichanga.
Fupi. Niliihamisha mara nne, huku nahesabu:
tano ya juu, inchi kumi za huku, kumi za kule,
na cha kukunjia chini, maana shuka lisilo na cha kukunjia
ni kama mshahara usio na cha kuweka.
Saba na nusu kwa nane na nusu.
Lilikuwepo moja, la hoteli ya watu wengine, jeupe,
na alama ya pasi kwenye ukingo.

Fundi Ogutu akatia lastiki kwenye pembe nne.
Mia mbili na hamsini. Akakatia uzi kwa meno.

Usiku ule nilitandika peke yangu.
Dakika mbili. Pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne,
tap,
kama kifuniko cha sufuria yake.
Nikalala. Nikageuka makusudi. Halikutoka.
Nikaamka halina hata kunyanzi moja,
na Mukhwana akarudi akalala juu yake,
na jioni nikakuta limenyooka vile vile,
sina cha kusoma.

Jumapili alisimama mlangoni na kikombe mkononi.
"Kumbe limeshatandikwa," akasema.
"Linaenea siku hizi," nikasema.
"Naona."
Akanywa chai yake amesimama.

Jumapili iliyofuata, kabla hajaoga,
niliingiza kidole chini ya pembe ya upande wake,
nikaifyatua.
"Njoo unishikie," nikaita.
"Hili nalo limeanza."